Figo ya Mama, Jicho la Mjomba

Mama alikufa nikiwa na miaka kumi na saba, naye ana uvimbe ubavuni ulioonekana hata juu ya kanga aliyojifunika. Waliokuja matangani waliuliza kilichomuua, na wakubwa wakajibu kwamba siku yake imefika. Hilo silipingi. Nililolipinga ni lile lililosemwa jikoni kwa sauti ya chini, huku vitunguu vikimenywa: kwamba upande wa mama kuna laana.

Ushahidi wao ulikuwa huu. Babu, baba yake mama, alianza kuyumba kama mlevi akiwa bado na nguvu zake, naye ni mtu asiyejua hata harufu ya pombe, akamaliza umri wake kitandani. Mjomba, kaka yake mama aliyekuwa akiishi Makunduchi, alipofuka kabla ya kufika miaka arubaini, jicho la kulia kwanza, kisha la kushoto. Halafu mama. Ikasemwa babu aliwahi kula yamini ya uongo juu ya shamba la minazi, na kiapo kile kinakula damu yake mmoja mmoja. Mimi babu sikumuwahi. Lakini mama alinihadithia kwamba babu akiokota nazi iliyoanguka mpakani alikuwa akiirudisha kwa jirani, hata jirani akiwa hayupo, anaiacha mlangoni.

Siku ya tatu ya matanga nilisimama kwenye mlango wa jiko nikasema, "Babu yangu hakuapa uongo." Nikapigwa kofi. Sikujuta, ila sikuwa na jibu jengine la kuwapa. Jibu nililipata miaka thelathini baadaye.

Kufikia hapo nilikuwa mwongoza watalii katika msitu wa Jozani. Nikiishi Mji Mkongwe, katika nyumba ya wazee wetu, pamoja na kaka yangu mkubwa, fundi saa, aliyefiwa na mkewe zamani, na binti yake wa pekee, wakati huo akisoma chuo. Mimi niliachika mapema na sikujaaliwa mtoto, kwa hiyo msichana yule tulimlea wawili. Kila alfajiri nikishika gari ya Jozani, na kutwa nzima nikiwaeleza wageni kwa nini kima punju wetu, wale wenye mgongo mwekundu, wanakula makaa, na kwa nini wasijaribu kuwashika. Kazi ya kueleza nilikuwa naipenda. Nimepata watu waliokuja kupiga picha tu wakaondoka wanajua jani hili na jani lile.

Asubuhi moja, baada ya kukiaga kikundi cha kwanza, niliingia chooni nikakuta mkojo wangu una rangi nyekundu ya maji ya choya. Hapana maumivu. Hapana homa. Nikamwaga maji, nikanawa, nikarudi kwenye kikundi cha pili.

Sitajisifu hapa. Mimi niliyepigwa kofi kwa kukataa kunyamaza, nilinyamaza. Damu ilikata siku ya pili, nikajiambia ni uchovu, ni jua, ni maji machache. Baada ya wiki sita ikarudi, safari hii na mabonge. Ndipo nikamwambia kaka, naye akanipeleka spitali ya mjini. Aliyekuwa akinipima kwa mashine ya ultrasaundi alikuwa mchangamfu sana. Alikuwa akinitania kuhusu kima. Akafika ubavu wa kushoto, akaacha utani.

Daktari aliyesoma karatasi alikuwa mtu wa makamo, mwenye adabu nyingi. Alimtazama kaka yangu, akamwambia, "Kuna uvimbe mkubwa kwenye figo. Itabidi aende Dar es Salaam. Mwambie dada asiwe na wasiwasi."

Nilikuwa nimekaa baina yao, goti langu linagusa meza yake.

"Dokta," nikasema, "figo ni yangu. Nambie mimi."

Kaka akanikanyaga mguu chini ya meza. Nikauondoa mguu.

"Ni saratani?"

"Inaelekea hivyo," akasema, sasa akinitazama. "Inaelekea hivyo, Bi."

"Ahsante. Hiyo ndiyo habari niliyoijia."

Tulivuka kwa boti ya asubuhi wiki ile ile. Dar es Salaam nilipokewa na daktari mwanamke, mdogo wangu kwa miaka mingi, aliyenipa shikamoo kabla ya kufungua faili. Nikamuitikia marahaba, nikampenda hapo hapo. Alikuwa na mpango wa kunipasua, na aliniuliza maswali ya kawaida: unavuta sigara, una shinikizo la damu, umewahi kulazwa. Kisha akauliza, "Kwenu kuna mwengine aliyeugua figo?"

Kaka akasema, "Hapana."

"Mama," nikasema mimi.

Kaka akageuza uso dirishani. Nikaendelea. Nikamueleza uvimbe wa mama, macho ya mjomba, moja baada ya jengine, na kuyumba kwa babu. Nilimueleza hata habari ya shamba la minazi, kwa sababu nilitaka asikie yote. Alikuwa akiandika. Nilipofika kwa babu aliiweka kalamu mezani.

"Shangazi," akasema, "haya ni maradhi mamoja."

Sikumfahamu. Akachukua karatasi akaigeuza nyuma, lakini hakuchora kitu, alizungumza tu, taratibu, kama ninavyozungumza mimi na wageni.

"Katika seli za mwili wako kuna protini moja ambayo kazi yake ni kutoa ishara hewa inapopungua. Inatengenezwa wakati wote, hata ukiwa mzima. Ila hewa ikiwa inatosha haiachwi ikae. Kuna protini nyengine inaikamata na kuitia alama, na ikishatiwa alama inapelekwa kuvunjwavunjwa. Haidumu. Umenifahamu hapo?"

"Nshakufahamu. Na kwangu mimi?"

"Kwako kasoro iko kwa huyo mtia alama. Kila mtu anazaliwa na nakala mbili za maagizo ya kumtengeneza, moja ya baba na moja ya mama. Nadhani yako ya mama ina kosa. Ya baba ilikutosha miaka yote hii. Lakini katika seli moja ya figo, na hiyo ya baba ikaharibika. Basi pale hapana tena wa kutia alama. Ile protini ya ishara haivunjwi. Inajaa. Seli inaamini inakosa hewa, na hali damu imeizunguka kila upande. Inaita mishipa mipya ya damu. Inaita chakula. Inajiambia ikue, igawike, ikue tena, na hakuna wa kuizuia."

"Kwa hivyo ni habari ya uongo ndani ya mwili wangu."

"Ni habari iliyotakiwa ifutwe, haikufutwa."

"Na jicho la mjomba?"

"Nyuma ya jicho, mishipa ile ile iliyoitwa bila haja. Inavuja, inaliharibu jicho. Na babu kuyumba, huenda ilikuwa sehemu ya nyuma ya ubongo. Siwezi kuwasemea watu nisiowapima. Lakini tutapima damu yako, na tutajua."

Kaka alikuwa bado anatazama dirishani. Mimi nilingoja nione kama nitalia. Sikulia. Ilinipanda hasira, hasira kubwa yenye furaha ndani yake, kitu ambacho sikuwahi kukihisi kabla wala baada. Nilitaka nirudi Unguja saa ile ile, niwatafute wote waliokuwa jikoni siku ya tatu ya matanga, waliokufa na walio hai, niwasomeshe. Protini. Alama. Kuvunjwa. Babu yangu hakuapa uongo juu ya shamba la mtu.

Walinitoa figo ya kushoto yote, maana uvimbe ulikuwa umeshaimaliza. Ya kulia walikuta ina vidoa viwili vidogo, wakaviacha vikae vikiangaliwa. Kuhusu siku zile sina mengi. Nakumbuka kiu. Nakumbuka muuguzi aliyeniambia nikohoe huku nimekumbatia mto, na jinsi nilivyomchukia kwa dakika tano nzima. Nakumbuka kaka akininawisha uso kwa kitambaa, mikono yake mizuri ya fundi, bila ya kusema neno. Damu yangu ilipelekwa nje kupimwa, na majibu yalipokuja, kabla hatujaondoka Dar, daktari alinipigia simu mwenyewe. Kosa lilikuwepo pale pale alipodhani.

Ndani ya boti tukirudi, kaka akanambia, "Sasa sikiliza. Hayo ya kurithi tuyaache huko huko Dar."

"Kwa nini?"

"Unajua kwa nini. Msichana anaposwa. Watu wanaulizana. Wakisikia kwetu kuna kitu kinatembea kwenye damu, nani ataingia mlango ule?"

"Na akiwa nacho?"

"Hana."

"Umejuaje?"

"Nshasema hana." Akafunga macho, akajifanya amelala mpaka bandarini.

Nyumbani wakaanza kuja majirani, kama inavyostahiki, na vyakula vyao na maswali yao. Chumba changu kilijaa wanawake. Kaka alikuwa ameshatengeneza jibu, na kila aliyeuliza alipewa hilo hilo pale mlangoni: mawe. Dada alikuwa na mawe kwenye figo, yametolewa, alhamdulillahi. Nililisikia neno mawe mara ya kwanza, nikanyamaza. Ya pili nikanyamaza. Mara ya tatu aliyeuliza alikuwa mama mmoja mtu mzima wa mtaani, rafiki yake mama, aliyekuwepo jikoni ile siku. Si yeye aliyenipiga kofi, lakini alikuwepo.

"Si mawe, Bi Mkubwa," nikasema kutoka kitandani, na nilikuwa siwezi hata kukaa vizuri. "Ni saratani. Na ndiyo iliyomuua mama, na ndiyo iliyompofua mjomba. Ni ya kurithi. Ina jina, ina kipimo."

Mwanamke mmoja aliyekaa karibu yangu alikusanya buibui lake akasogea, kidogo tu. Niliona. Nadhani alitaka nione.

"Haiambukizi," nikamwambia. "Ingekuwa inaambukiza, na ile sahani unayokula usingeimaliza."

Wawili wakacheka. Huyu hakucheka, na mpaka leo hajarudi. Lakini yule mtu mzima alinishika mkono. "Mamaako," akasema, "alikuwa akiniuliza amemkosea nini Mungu wake. Mpaka siku ya mwisho akiniuliza." Hapo ndipo nilipolia. Nililia kwa ajili ya mama, aliyekufa akihesabu dhambi zake akitafuta ile moja, na hakuna hata moja iliyohusika.

Jioni ile nikasikia kaka na binti yake wanajibizana ukumbini. Kisha msichana akaingia chumbani kwangu, akakaa ukingoni mwa kitanda.

"Shangazi, na mimi je?"

Sikumficha. "Kama babaako hana, na wewe huna. Kama anayo, ni nusu kwa nusu, huenda unayo huenda huna. Yeye ndiye wa kupimwa kwanza."

"Amekataa."

"Nnajua."

"Basi nitapimwa mimi bila yeye."

"Ukikutwa nayo, utakuwa umemjibia na yeye. Mpe muda kidogo." Akanitazama kwa namna ya kunambia kwamba muda ndio uliommaliza mama yangu.

Miezi mitatu baadaye nilirudi Jozani. Mkuu wetu, kwa wema, alitaka nikae kwenye dirisha la tiketi. Nikamwambia sijawahi kuzungumza na mtu kupitia kitundu na sitaanza sasa. Wiki ya kwanza nilikwenda na kikundi njia fupi tu, mkono ubavuni, nikisimama kila baada ya hatua hamsini na kujifanya ninawaonyesha mti. Waliona miti mingi wageni wale. Wiki ya nne nilimaliza njia yote ya mikoko. Hakuna aliyenipigia makofi, nami sikuhitaji.

Kazi yangu imenifundisha kumwona mnyama anayejificha. Unaangalia kilichobadilika mahali ulipopazoea. Siku moja nilipita dukani kwa kaka, kichochoro kimoja nyuma ya Darajani, nikamkuta ameinamia saa ya mkononi, kile kijioo cha kukuzia kimebanwa jichoni kama siku zote. Nilimsalimia, nikakaa kibaoni. Nikamtazama muda. Kulikuwa na kitu hakiko sawa katika umbo lake, namna alivyogeuza shingo. Kisha nikakiona. Kijioo kilikuwa jicho la kushoto.

"Tangu lini unatumia hilo?"

"Nini?"

"Jicho la kushoto. Miaka thelathini unatumia la kulia."

"La kulia limechoka. Linapumzishwa."

Niliinuka, nikaenda nyuma yake, na kabla hajajua ninafanya nini nikamziba jicho la kushoto kwa kiganja. Mbele yake ukutani zilining'inia saa zaidi ya kumi, alizozitengeneza mwenyewe.

"Nambie ile kubwa inasema saa ngapi."

Nilikuwa nahisi kope zake zinapepesa ndani ya kiganja changu.

"Naona ukingo wake," akasema mwisho. "Katikati hapana kitu."

"Tangu lini, kaka?"

"Tangu Ramadhani."

Nikamwacha, nikakaa. Nilikuja na maneno makali niliyokuwa nimeyaweka miezi yote ile, na yakaniishia. Yeye aliitoa saa ile kwenye kibano, akaiweka juu ya kitambaa, akazipanga bisibisi zake ndogo kwa mstari, kubwa mpaka ndogo.

"Ulikuwa mdogo wewe, hukumbuki," akasema. "Mjomba akija mjini, mimi ndiye nikimshika mkono kumpeleka msikitini. Alikuwa akinibana kidole hiki. Akinuka hofu. Mtu mzima, mwanamme, ananuka hofu kwa ngazi tatu za msikiti. Nikasema Mungu wangu, yote, ila si hilo. Ulipokuwa unamhadithia yule daktari, nilikuwa natazama dirishani najaribu kulisoma bango la upande wa pili. Nimelisoma. Nikasema basi, mimi nimesalimika." Akacheka bila sauti. "Nililisoma kwa la kushoto."

"Twende."

"Nitakwenda."

"Si utakwenda. Twende. Funga duka."

Akafunga. Nikamshika mkono, akauondoa, nikaushika tena.

Jicho la kulia hawakuweza kulirejesha. Sehemu ya katikati imekufa, na itabaki hivyo. Lakini kwenye la kushoto, lile alilokuwa akilitegemea kwa saa zake, walikuta kivimbe kidogo kama kichwa cha pini, bado hakijavuja. Walikichoma kwa miale. Daktari wa macho alisema kingeachwa kingefika pale pale lilipofika la kulia. Figo zake zina vivimbe viwili, vidogo kuliko vile vinavyohitaji kisu, na vinapimwa kila baada ya miezi kadhaa. Anaendelea na kazi. Ameweka taa mbili juu ya meza na hataki kuulizwa.

Msichana naye akapimwa. Anayo. Aliyapokea majibu yeye mwenyewe, akaja akanionyesha karatasi, akasema, "Nusu kwa nusu, nimepata nusu yangu." Kisha akafanya jambo ambalo mimi, kwa ukaidi wangu wote, sijui kama ningeliweza katika umri ule. Alimpigia simu mchumba wake, akamtaka waonane barazani kwetu, mchana, mlango wazi, akamueleza yote. Kijana alisikiliza vizuri. Alisema atazungumza na wazee wake. Wazee wakasema wanaomba muda, na muda ule haujaisha mpaka hivi leo, wala hautaisha.

Alilia siku tatu. Kaka alikuwa akipita mbele ya mlango wake, anasimama, anaondoka. Siku ya nne alitoka, ameoga, amevaa vizuri, anakwenda chuo.

"Wacha wende, shangazi," akanambia. "Ningeolewa ningekuwa naficha karatasi za spitali chini ya godoro. Siyawezi maisha hayo mimi."

Kaka alikuwa anamsikia. Nilingoja atulaumu, aseme, "Sikuwaambieni?" Akasema, "Umekunywa chai?"

Yule daktari wa Dar ninaonana naye kila baada ya miezi sita. Vidoa vya figo yangu ya kulia vimekua kidogo, na yawezekana nitarudi mezani, safari hii wakate kipande tu na kuacha kilichobaki kifanye kazi. Aliniambia pia kwamba duniani kuna vidonge vinavyoizuia ile protini ya ishara, vinaifunga mdomo hata kama haikuvunjwa. Kwake bado havijafika. Kwa hiyo kila ninapokaa mbele yake, kabla hajafungua faili, namuuliza, "Vimefika?"

"Bado, shangazi."

"Nitauliza tena."

Anacheka, lakini nimemwambia si mzaha. Mama hakuwa na hata swali la kumuuliza daktari. Mimi ninalo, na nitaliuliza mpaka alichoke, kisha nimuulize na aliye juu yake.

Walibaki watoto wa mjomba, huko Makunduchi. Tulikuwa hatutembeleani tangu mazishi yake. Kila upande ukiamini laana imetokea upande wa pili. Kaka akasema niwaachie. Msichana akasema, "Tunakwenda lini?" Tulikwenda Ijumaa moja baada ya sala, mimi na yeye, na karatasi ndani ya mfuko wa kaki.

Mtoto mkubwa wa mjomba, mwanamme wa umri wangu, alitupokea barazani. Hakutukaribisha ndani. Nilipoanza kueleza, alinijibu kwa Kimakunduchi, ambacho nakielewa nusu, lakini nusu ile ilitosha: hapa hatutaki maneno ya maradhi.

"Sawa," nikamwambia. "Basi sisi tutapumzika hapa hapa kidogo, tumetoka mbali."

Tukakaa. Yeye akakaa. Akauliza habari za mjini, nikampa. Akauliza mvua, nikampa. Nikaanza kumueleza msichana wangu, kana kwamba hajui, na kwa sauti ya kumfikia mgeni wa mwisho wa mstari: kwamba babu hakuapa uongo, kwamba mjomba hakuna aliyemroga, kwamba katika seli kuna kitu kinachotakiwa kivunjwe na kwetu hakivunjwi. Nikataja jicho. Nikataja figo. Nikataja sehemu ya nyuma ya kichwa. Yule ndugu yangu aliinuka akaingia ndani, akarudi, akakaa tena. Hakunizuia.

Nyuma ya pazia la mlango kulikuwa na mtu amesimama. Nilikuwa naona miguu yake. Baada ya muda pazia likasogea, akatoka mwanamke mwembamba, akishika ukuta. Alikuwa binti wa mwisho wa mjomba; nilimuacha akiwa mtoto mchanga.

"Dada," akasema, "na kichwa kuuma kila asubuhi, mpaka kutapika? Na miguu kukataa kwenda ninapotaka? Hiyo imo kwenye karatasi zako?"

Kaka yake akasema, "Una jini wewe, unatibiwa."

"Nimetibiwa miezi minane," akasema bila kumgeukia. "Namuuliza huyu."

"Imo," nikamwambia. "Kaa hapa nikuonyeshe."

Walimkuta na uvimbe nyuma ya kichwa, na maji yamekusanyika. Walimpasua Dar es Salaam wiki mbili baadaye. Kaka yake ndiye aliyempeleka, na ndiye aliyenipigia simu dada yake alipotoka salama, akashindwa kusema, akampa simu muuguzi. Sasa anatembea na bakora. Mkono wa kulia unamtetemeka akiushika ushungi. Sauti yake, hata hivyo, imekuwa kubwa ajabu. Watoto wake wawili ameshawapeleka kupimwa, mmoja anayo na mmoja hana, na amewaambia wote wawili, na mwalimu wao wa skuli, na imamu.

Wiki iliyopita alinipigia nikiwa njiani na wageni.

"Nshawapata wengine," akasema. "Wajukuu wa ndugu yake babu, wako Kibuteni. Mmoja jicho lishaanza."

"Umewaambia?"

"Wananikatia simu."

"Wewe unaweza kusafiri Jumamosi?"

"Mimi ndiye ninayekungoja wewe," akasema. "Njoo na ule mfuko."